Jina la Kadenge Halijafika Maskati

Baraza yetu ya kahawa iko Mji wa Kale, upande wa Makadara, na mwaka wa tisini na tisa mzozo wake mkubwa ulikuwa wa intaneti. Binamu yangu Gunga, mstaafu wa bandarini tuliyemwita Nanga, alikuwa amemfuta mwanawe Kadenge kwenye ukurasa wa ukoo ulio kwenye intaneti kwa kuwa hakuja kumzika mamake. Moyo wake ulipolainika akamrudisha. Siku moja Nyevu, bintiye aliyekwenda Maskati kumwona kakake, alileta habari: Kadenge huufungua ukurasa kila Ijumaa, na jina lake halimo.

— Ni saa hizo, alisema Kenga, aitwaye Satelaiti kwa kujua yote. Maskati wametutangulia saa moja. Chetu kikiwafikia kishakuwa cha jana.

— Saa moja haifanyi jana, nikamwambia.

— Haraka haraka haina baraka, bwana. Sijamaliza. Waya wapita chini ya bahari. Jina jipya ni bichi, laoza njiani. La zamani limekauka kama papa, lafika salama.

— Kunywa kahawa, alisema Morgan, fundi wa kompyuta aliyeutengeneza ukurasa. Mzee Nanga, ukurasa wako ni vipande vilivyopachikwa. Kuna cha picha, kuna cha kuchora mti wa ukoo. Majina yana faili yake. Kompyuta ya Kadenge iliichukua ulipokuwa umemfuta, ikaiweka. Kila akifungua, yaona jina la faili ni lile lile, yampa nakala yake kuukuu.

— Kwa hivyo nimemwandika bure?

— La. Faili nimeipa nambari mpya, sasa yaitwa “majina 2”. Hiyo hana, kwa hivyo kompyuta yake italazimika kuja kuichukua kwetu.

— Ewaa!

— Lakini asubuhi mti wote ulipotea.

Gunga akaweka kikombe chini.

— Kosa langu, mzee. Faili mpya niliiita baada ya kipande cha kuchora. Kikaamka, hakina wa kumchora, kikanyamaza. Sasa nimetanguliza majina.

— Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Satelaiti.

— Yaingia wapi hapo?

— Itaingia tu.

Gunga hakucheka.

— Ijumaa ataliona?

— Akifungua, ataliona.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi Mutunga, karani wa reli aliyehamia juzi kutoka bara. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunywa kahawa kwetu.

— Samahani, mzee. Ulipomfuta, yeye alijuaje?

— Nilimpigia simu. Siku ile ile.

— Na ulipomrudisha?

— Niliiachia intaneti.

 Gunga aliinamia kahawa yake, nasi tukaziinamia zetu.