Ile "Wacha!" Iliyotushusha Daraja

"Mgeni rasmi, Mzee Wilson Mungai, mwenyekiti wa bodi ya chuo chetu, Madam Jepchumba, mlezi wa timu, walimu na wanafunzi wenzetu: karibuni, na mtuvumilie, maana leo tumekuja na ya moyoni."

Kipyego, nahodha, alisoma hayo bila kuinua macho kwenye karatasi. Kilichomkunyata si baridi ya Eldoret, ingawa nayo haina adabu. Ni sentensi moja tu iliyokuwa inamngoja huko mbele. Asubuhi Madam Jepchumba alikuwa amemvuta kando. "Kipyego, hiyo ya hema iruke. Mzee akikasirika, mwaka ujao hakuna timu."

Nyuma ya ukumbi Obonyo, kipa wao, alikuwa anabeba kreti za soda. Bodi ilimsimamisha kucheza, ati aliuza mechi ya mwisho. Baada ya risala Mzee angetangaza kama anafukuzwa kabisa.

"TULIKOTOKA. Tulianza na vijana wa mitaa ya Langas na Munyaka, tukicheza pembeni mwa uwanja kwa sababu uwanja wenyewe ni wa wakimbiaji. Hapa kwetu ukisema unacheza mpira, unaulizwa mbio zilikushinda lini."

Ukumbi ukacheka. Mzee naye akacheka, tena kwa sauti, na sauti yake si ya kawaida. Hahitaji maikrofoni huyo.

"MAFANIKIO. Haya hayatachukua muda. Mwaka juzi tulipanda daraja. Pia tulijifunza kuitana uwanjani kwa neno moja moja, beki na kipa waelewane. 'Toka,' kipa anatoka. 'Wacha,' anauacha mpira, unaenda nje.

"CHANGAMOTO."

Hapo akainua macho. Madam Jepchumba alikuwa anamtikisia kichwa. Kipyego akamtazama Obonyo, kisha akajiambia, potelea mbali.

"Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu tusishuke. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpinzani akaachilia shuti kutoka katikati ya uwanja, shuti la kushangaza kweli. Obonyo alikuwa ameshainua mikono. Ndipo nyuma ya goli sauti nzito ikasikika, 'Wacha!' Akauacha. Ukaingia. Mgeni rasmi, hakuwa beki wetu. Alikuwa mtu mzima ameshangaa tu, vile sisi sote hushangaa tukisema 'Wacha!' tusipoamini macho yetu. Na nyuma ya goli, kwa heshima zote, palikuwa na hema la bodi."

Madam Jepchumba aliinamisha uso. Mzee Mungai akakunja kipaji cha uso, akatazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba anamtafuta mwingine mwenye sauti hiyo. Kisha macho yakamtoka.

"Wacha!"

Neno lilimponyoka tu, zito, likajaa ukumbi wote. Kule nyuma Obonyo, aliyekuwa ameinua kreti hadi kifuani, akaiachilia. Chupa zikapasuka sakafuni.

Mzee akageuka. Kijana alikuwa amesimama katikati ya soda, mikono wazi, machozi yanamlenga.

"Kumbe ni mimi," Mzee akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Woi, ni mimi." Aibu ilimjaa usoni mpaka Kipyego akamhurumia. "Nahodha, malizia. Na huyo kipa asibebe soda tena. Akae na wenzake."

Kipyego akarudi kwenye karatasi.

"MAOMBI. Tulikuwa na ombi moja kubwa, na umeshalijibu. Viatu na neti tutazungumza. Mwaka ujao tunarudi juu, na lile neno tutalibadilisha. Kipa ataambiwa 'Poa.' Tafadhali, ukishangaa, usiseme 'Poa.'

"Mungu akupe afya, mgeni rasmi, na hiyo sauti akutunzie, ila siku za mechi uje nayo upande ule mwingine wa uwanja, nyuma ya kipa wao.

"Ni sisi, Mwewe FC, timu ya chuo, wachezaji wote, na Obonyo golini."