Barua ya Mwalimu kwa Wakala wa Vitabu

Basi lilipotoka Itumba, mwalimu aliyekaa mbele yangu alimsomea barua jirani yake, baba mmoja wa makamo. Alikuwa anamwandikia wakala wa Dar es Salaam amtafutie mchapishaji wa riwaya aliyoiandika kwa miaka sita. Ilianza na "Bwana Yesu asifiwe", ikaja afya ya familia, mvua za Ileje, kisha shukrani kwa mchungaji. Tulipita Isongole riwaya yenyewe haijatajwa.

"Salamu zipunguze, mwalimu," alisema yule baba. "Huyo ana barua mia za kusoma."

"Nimwombe mtu kitu kabla sijamjulia hali? Atasema sikulelewa."

"Kwani mshenga akifika ukweni anaanza na mvua?"

"Anaanza na mvua, baba. Na chai anakunywa kwanza."

Hapo nilimuunga mkono kimoyomoyo. Niliwahi kuwa mshenga.

Yule baba alifikiri kidogo. "Haya, mimi ndiye wakala. Inahusu nini?"

"Mjane anapeleka mahindi Zambia, anamkuta mume wake aliyemzika yuko sokoni anapima magunia."

Gari likasimama Mpemba. Mwalimu akakunja barua yake, salamu zote zikiwemo, akashuka. Konda akabaki ameshika mlango.

"Mwalimu," akamwita, "sasa kule kaburini yumo nani?"