Fundi Kimya na Picha ya Mwale Uliotanuka

Ndugu zetu mliokuja kutusindikizia mpendwa wetu, majirani wa ghorofa zote tatu, wafanyakazi wenzake wa chumba cha hadubini, na ninyi wateja wa mjane wake ambao magauni yenu yamesimama tangu wiki iliyopita, familia inawashukuru kwa kuja, na inawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu sehemu ya historia hii marehemu aliiandika mwenyewe, kwa mkono ambao ulikuwa umeshaanza kumsaliti, na palipo na neno lisilosomeka tumekisia kwa heshima.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi saa na mama mpiga taipu, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya baba yake, ambamo saa za ukutani zipatazo arobaini zilikuwa zikigonga kila moja kwa wakati inaoujua yenyewe, na inasemekana ndiyo maana mtoto hakulia, aliona kelele zilizopo zinatosha. Akiwa na miaka sita aliifungua saa ya mteja, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mezani, na saa ikaenda vizuri kuliko mwanzo, jambo ambalo baba yake hakumsamehe mpaka anaingia kaburini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, na sekondari kuanzia 1980 hadi 1985, ambako alikuwa wa kwanza kwa fizikia na wa mwisho kwa mbio, nafasi zote mbili akizishikilia miaka sita bila kupokonywa, kisha akaingia chuo cha ufundi mwaka 1986, akatoka 1989 na stashahada ya vioo na lenzi. Tarehe 2 Januari 1990 aliajiriwa na karakana ya miwani, na huko ndiko alikofika binti mmoja fundi cherehani, akitaka miwani ya kutungia uzi kwenye sindano, na marehemu, ambaye kazi yake haikuwahi kurudishwa, alimtengenezea miwani hiyo mara tatu, kila mara akiikuta na kasoro na kumwomba arudi wiki inayofuata, mpaka mara ya nne yule binti akamwambia mbele ya wateja, "Fundi, ama unioe ama unipe miwani yangu, nina magauni ya watu." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1991, na tarehe 3 Mei 1993 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti, ambaye leo ni dereva wa treni na mama wa mjukuu mmoja wa miaka minne.

Tarehe 1 Juni 1998 marehemu alihamia taasisi ya utafiti, chumba cha chini kabisa, kuihudumia hadubini ya elektroni, mtambo mrefu kama kabati la nguo, unaotazama vitu vidogo kwa mwale wa elektroni badala ya mwanga, na unaochukia mtikisiko kuliko mtu mwenye kipandauso, hata marehemu akawa anatembea kazini kwa soksi tupu, akiwanyooshea kidole wakurugenzi waliothubutu kupiga chafya, ndipo wakamwita Fundi Kimya, jina lililotuvunja mbavu nyumbani, maana mezani hakunyamaza hata akiwa na mfupa mdomoni.

Mwaka 2012 taasisi ilileta chipu, kidude kama ukucha uliokatwa, kilichochorwa pete ndogo isiyoonekana kwa macho, na nia ilikuwa kupitisha nuru ya leza kwenye uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, izunguke ndani ya pete hiyo, huku mwale wa elektroni ukipita ubavuni mwake karibu kuugusa, ili nuru iushike mwale, iusukume na kuuvuta itakavyo, na hadubini ione mambo ambayo haijawahi kuyaona. Familia nzima, tukiunganisha vichwa, hatujui zaidi ya hapo, isipokuwa mjane wake, ambaye aliitwa kwa barua rasmi baada ya maprofesa wawili kushindwa kuunganisha uzi ule na chipu kwa gundi, akavaa miwani yake, akaunganisha mara moja, akauliza, "Hii tu?" akarudi kwenye magauni.

Jumatano, tarehe 9 Septemba 2015, marehemu alipima mwale leza ikiwa imezimwa, mstari wake kwenye skrini ukaonekana mwembamba, kisha leza ikawashwa, wakasubiri dakika arobaini itulie, mwale ukiendelea kupita, na mstari ukatanuka mara tano, ishara kwamba nuru imeushika mwale, watu wazima wakakumbatiana wakiwa na soksi. Picha ya mstari ule ilichapwa kwenye majarida, kwenye kalenda, na kwenye ukuta wa mlango mkuu kwa ukubwa wa shuka, mkuu wa chumba akapanda kuwa mkuu wa taasisi, na watu kumi na wawili wakaajiriwa kuiendeleza kazi hiyo.

Miaka mitatu na ushee baadaye, Alhamisi, tarehe 21 Februari 2019, leza ilikuwa imeungua, marehemu akawa anamsubiri wa kuitengeneza, na kwa kukosa la kufanya akauacha mwale upite kando ya chipu dakika arobaini bila nuru yoyote, na mstari ukatanuka mara tano. Alirudia mara thelathini na moja kwa siku nane. Chipu ilikuwa ikikusanya umeme kutoka kwa elektroni zilizoigusa, kama shati la nailoni linavyokusanya umeme likisuguliwa mpaka vinyweleo vinasimama, na umeme huo ndio uliousukuma mwale, nuru haikuwa na mkono wowote pale. Siku zote walikuwa wamepima leza ikiwa imezimwa kwanza, chipu ikiwa mpya, kisha ikiwa imewashwa, chipu ikiwa imeshiba umeme, wala hawakurudi kuzima na kupima tena, kosa la mpangilio tu, na mpangilio ulikuwa wake.

Alikwenda kwa mkuu, naye mkuu akafunga mlango, akamvutia kiti, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, acha ilale. Ukiigusa picha ile watu kumi na wawili wanamwaga unga, na wewe wa kumi na tatu." Marehemu aliandika barua tarehe 4 Machi 2019, akaandika nyingine mwaka mmoja baadaye, akaandika ya tatu tarehe 11 Januari 2021, na hakuna iliyojibiwa, na majarida aliyoyaandikia yalimjibu kwamba yanasubiri kauli ya taasisi. Katika muda huo mwanafunzi mmoja alisafiri siku mbili kuja kumuuliza kwa nini chipu yake haiutanui mwale ilhali amefuata kila hatua, marehemu akamweleza ukweli, akaona binti wa watu anahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, miaka yake iliyopotea. Binti yake mwenyewe alijaribu kumpoza, "Baba, kila mtu hukosea," naye akajibu, "Hukosea, mwanangu, halafu husema."

Hapo akaamua kwamba kama uongo haufutiki, basi aufanye uwe kweli. Watafiti wengine, wa taasisi za mbali, walikuwa wakifaulu kwa chipu zao, na habari hizo alizisoma akafurahi kwa moyo mweupe, kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana, lakini Agosti 2021 mikono yake ilianza kutetemeka, na tarehe 18 Oktoba madaktari wakatuambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, usiorudi nyuma. Mkewe alifunga cherehani siku mbili kila wiki, akawa anashuka naye chumba cha chini, yeye akiunganisha, mzee akipima, kuzima, kuwasha, kuzima, kuwasha, chipu kumi, na mara zote kumi nuru ilipotelea kwenye maungio kabla ya kuifikia pete, hapakuwa na tofauti. Jumatano, tarehe 15 Novemba 2023, chipu ya kumi na moja, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, ilimponyoka, wakaitafuta wote wawili kwa magoti, wakaikuta imenasa kwenye soksi ya mama, vipande viwili. Mkewe alimwambia, "Twende nyumbani, mume wangu," naye akavaa viatu. Mwezi uliofuata hadubini ilifunguliwa vipande vipande, ikaondolewa.

Kuanzia Aprili 2024 alishindwa kumeza, tarehe 28 Mei akalazwa, na Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nane mchana, akatutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi miwili na siku ishirini na tatu. Aliomba maneno haya yasomwe mbele ya watu, kwa kuwa hakupata pengine pa kuyasemea: "Kipimo cha tarehe 9 Septemba 2015 si sahihi. Mpangilio ulikuwa wangu. Asiyeamini azime leza asubiri dakika arobaini."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza ubavu kwa subira, majirani waliotupikia, wenzake waliombeba, na mkuu wa taasisi, aliyepo hapa mstari wa mbele, aliyelia nasi jana kwa machozi tusiyoyatilia shaka, na ambaye ofisi yake ilijitolea kuchapa vijitabu hivi vya ratiba, vilivyofika asubuhi hii, vikiwa na picha ile ile ya mstari kwenye jalada, kwa nia njema, kama heshima ya kazi yake kubwa. Hatukuwa na muda wa kuvichapa upya. Tumeleta kalamu tano, ndizo zilizopatikana nyumbani, zinaanzia kwa mjane zinapita kila safu, tunawaomba kila mmoja aandike chini ya picha iliyo kwenye kijitabu chake "si kweli", ampe jirani, tukijua kabisa kwamba vijitabu viko mia mbili tu, na kwamba picha hiyo imeshafika ambako kalamu zetu hazifiki.

Pumzika, fundi wetu, amani uliyoitafuta uikute huko, sisi mwisho wa uwezo wetu ndio huu.