Swedi bin Asmani, Aliyetuma Habari Akachekwa

Wazee wetu, mama zetu, majirani wa Rumonge, na nyinyi mliokuja kwa mtumbwi: haya ni maisha ya kaka yetu Swedi bin Asmani. Yameandikwa na mdogo wake, Mwamini, anayesoma chuoni kwa Mwalimu Hadji, na yanasomwa leo siku ya tatu ya matanga na baba mdogo Ramazani. Baba mdogo aliomba maneno yapunguzwe ukali. Yamepunguzwa kidogo.

Marehemu alizaliwa Kigwena mwaka 1889, mtoto wa kwanza wa mzee Asmani bin Athumani, fundi wa mitumbwi aliyetoka Manyema, na mama yetu Bi Kadidja. Ilikuwa siku ya kukamua mawese. Mkunga aliitwa kutoka kwenye kinu, akaja na mikono inayong'aa mafuta, na mtoto nusura amponyoke aanguke chini. Mama anasema Swedi hakulia, alipiga chafya tu, na wanawake wote wakacheka. Alikuja duniani akichekesha watu.

Mwezi wa Machi 1903 baba alimpeleka Ujiji, kwenye shule ya serikali yenye bweni, kwa sababu Wadachi walikuwa wanataka makarani na baba alitaka mtoto mmoja asiyenuka lami ya mitumbwi. Alikaa huko miaka minne. Bwenini wavulana walikula watatu watatu katika sinia moja, na sinia ya Swedi ilikuwa na Bakari wa Usumbura na Abdulhamid wa palepale Ujiji. Hao watatu waliwekeana utani, kama ule wa makabila. Mnaujua utani: mtani hukutukana mbele ya wakwe, hukunyang'anya kofia, na siku ukifa yeye ndiye anayechimba kaburi lako.

Wao wakaongeza sheria yao wenyewe. Walisema habari njema ikitumwa uchi hupata kijicho njiani, basi lazima ivikwe msiba. Mwaka 1909 Abdulhamid alituma neno kwa mdomo wa Abasi, mpiga kasia wetu: "Nimefungwa, minyororo miguuni." Swedi akaruka sokoni, "Amepata mke! Abdulhamid amepata mke!" Mama alikuwa analia. "Mtoto wa watu amefungwa, nyinyi mnacheka?" Ikabidi aelezwe. Hata baada ya kuelezwa hakuupenda mchezo ule. Alisema mdomo ukizoea kuita msiba, msiba nao una masikio.

Swedi alirudi Rumonge mwaka 1907, akawa karani wa mizani kwa tajiri wa mawese na ngozi. Wanawake wa kijiji cha Kizuka waliokuwa wakishuka na mitungi kichwani walimngojea yeye, hawakutaka kupimiwa na mwingine, maana hakuegemeza kiwiko kwenye mizani. Mmoja wao alikuwa na binti. Ndiye Zuwena binti Maneno, ambaye marehemu alimwoa Kizuka tarehe 12 Novemba 1909. Mwaka uliofuata akazaliwa Mariyamu. Habari aliyoipeleka Abasi Usumbura ilikuwa hii: "Nyumba yangu imeungua, njooni." Bakari akaja kweli. Alipanda kutoka ufukoni na mtungi wa maji kichwani, anakimbia katikati ya soko, anapiga kelele, "Uko wapi moto? Uko wapi?" Alipomkuta Swedi amembeba mtoto, alimpokonya kwanza yule mtoto, akamkabidhi Zuwena, halafu akammwagia Swedi maji yote. Tulimpenda mtu huyu. Ni lazima liandikwe hilo pia.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Oktoba 1912. Homa, kichwa, kisha uvimbe nyuma ya shingo, mgumu, kama punje ya mchikichi chini ya ngozi. Halafu usingizi. Alisinzia akila, alisinzia amesimama. Siku moja alilala juu ya mizani yenyewe, na tajiri akamfukuza mbele ya watu akisema ni mlevi. Mlevi! Swedi, ambaye hata harufu ya urwarwa, pombe ya ndizi, ilimfanya avuke upande wa pili wa njia. Kila mtu hapa mjini aliyerudia neno lile anajijua, na wengine wamekula wali wetu tangu juzi.

Swedi mwenyewe alijua ni malale. Alijua pia dawa ilipo: kambini Usumbura, kwa sindano, na wanaowahi mapema wengine hupona. Lakini Wadachi walikuwa wameufunga ufuko kwa sababu ya mbung'o, mdudu anayeleta malale. Mtu wa Rumonge aliyefika Usumbura bila cheti cha kambi alirudishwa majini, na cheti kilitolewa kama mtu wa kambini alikusemea kwa mganga. Na ni nani aliyekuwa msaidizi wa mganga katika kambi ile? Bakari. Mtu wa sinia moja. Tulishukuru Mungu, tukaona tumepona.

Basi Swedi akamwita Abasi, ambaye ana ruhusa ya kupeleka samaki wa ndagala Usumbura, akamwambia: "Mwambie Bakari nimepata malale, shingo imevimba, anitafutie cheti upesi."

Mwandishi amemwuliza Abasi mara nyingi, mpaka Abasi akawa anajificha, na alichojibu ni hiki. Bakari alisikia, akacheka mpaka akashika nguzo. "Malale! Huyu alikuwa analala hata kengele ikipigwa sikioni, leo ndiyo ameshtuka? Mwambie hongera. Ni mke wa pili, au ni mtoto wa kiume?" Akampa Abasi kikapu cha tende, zawadi ya mtoto.

Kikapu kilifika. Swedi alikitazama, naye akacheka. Alisema, "Sheria ni yetu, nani wa kulaumiwa?" Akalala na tende mdomoni, Zuwena akaitoa kwa kidole.

Mwezi wa Februari Mama alimwendea Abasi mwenyewe. "Mwambie mama yake Swedi ndiye anayesema. Habari hii haikupambwa, asicheke, mtoto wangu anakufa." Abasi alifikisha. Alisema: "Bakari, ndugu yangu, hapana mchezo. Muntu iko lala mchana kutwa, hapana kula." Bakari akapiga makofi. "Ee, na wewe wamekununua! Hata mama mtu wamemtia mchezoni! Basi safari hii ni pacha!" Abasi akaapa kwa Mungu. Bakari akamwambia, "Hata nyumba ilipoungua uliapa."

Na ni kweli, aliapa. Aliulizwa na mwandishi, "Kwa nini uliapa uongo siku ile?" Akajibu, "Mutoto, ile ilikuwa raha."

Swedi bin Asmani alifariki hapa Rumonge alfajiri ya Jumamosi tarehe 17 Mei 1913, mwezi kumi Mfunguo Tisa, akiwa na miaka ishirini na minne. Mwishoni hakumjua mama yake. Alikuwa mwepesi, baba mdogo alimgeuza kwa mkono mmoja.

Lililotokea siku ile baada ya adhuhuri wengi mliliona, lakini liandikwe. Maiti ilikuwa imekwisha kuoshwa. Tukasikia ngoma ufukoni. Walikuwa Bakari na Abdulhamid, wameomba likizo, wamekuja na mbuzi wa akika kwa ajili ya pacha. Walipanda njia wamefunga vilemba vyeupe vya kuchekesha, wanalia kilio cha mchezo, mikono kichwani: "Uwii, Swedi wetu! Sinia itabaki na nani? Nani atatuibia nyama?" Na Mama akatoka mlangoni, akawafungulia mikono. Alidhani wamesikia. Akawaambia, "Afadhali nyinyi mmekuja, wanangu. Mnalia vizuri. Ingieni mumwone."

Wakaingia. Ngoma ilidondoshwa mlangoni na bado iko pale, hakuna anayetaka kuigusa.

Walichimba kaburi, maana utani unadai. Walichimba vizuri. Bakari alishuka mwanandani mwenyewe kumpokea, na walipomwambia apande alikawia. Mbuzi wa akika amechinjwa matangani, mwandishi hakula. Wazee wakasema, "Mwamini, nyamaza, mtani hakasirikiwi." Hiyo desturi inajulikana na inaheshimiwa. Lakini mtoto wa kike aliyefundishwa kusoma anauliza: kama mtani hakasirikiwi, na Mdachi hakasirikiwi, na tajiri hakasirikiwi, tumkasirikie nani? Mbung'o? Marehemu aliumwa na mdudu mmoja, akacheleweshwa na watu wengi wenye mapenzi mema, na mama yake akasema ukweli ukapigiwa makofi.

Marehemu ameacha mama, Bi Kadidja, maana baba alimtangulia; mjane, Zuwena; mdogo wake, Mwamini; baba mdogo, Ramazani; watani wawili; na binti mmoja, Mariyamu, wa miaka mitatu.

Juu ya Mariyamu liko neno. Jana mwandishi alikuwa anamsuka mbele ya nyumba, na kidole kikapita nyuma ya shingo. Upo uvimbe. Mdogo, mgumu. Mama anasema ni jipu. Zuwena alipapasa, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Usiku uliopita mtoto alikuwa na homa.

Bakari, uko hapa, umekaa karibu na nguzo na kichwa umekiinamisha. Kiinue. Habari hii hakuivika mtu nguo yoyote. Haikuletwa na Abasi, inasomwa na baba mdogo mbele ya mji mzima, na mtoto mwenyewe amekaa pale mkekani, nenda ukamshike shingo kwa vidole vyako, unajua namna. Cheti unaweza kukisemea. Deni la kaka yetu hatulidai tena.

Mungu amrehemu Swedi bin Asmani, amkunjulie kaburi lake, ampumzishe kwa amani. Mtumbwi wenu bado uko ufukoni, Zuwena amekwisha kufunga nguo za mtoto.