Mchoro wa Mama Irine

Kijiwe cha Bugarama kiko pembeni ya mashine ya kusaga, na kahawa yake huchemshwa na Adelfina, mama Irine, ambaye humimina vikombe kumi kabla hajasema neno moja. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kulala siku mbili, kichwa kikimpasuka. Kila mara ilikuwa hivyo: kwanza mianga machoni, halafu maumivu. Zahanati wamemwandikia malaria mara tatu. Sasa aliogopa kwamba anapofuka, na mtoto bado ananyonya.

Mzee Redio, mjuzi wa habari zote, akaanza:

— Dalili ya mvua ni mawingu. Hiyo ni malaria.

— Vipimo vilikataa, akasema Profesa, aliyeishia darasa la saba.

— Vilikataa kwa sababu imehamia machoni. Kwenye vipimo wanatoboa kidole, si jicho.

— Wewe nawe. Ni ile sola ya jirani yake. Jua likishaingia kwenye waya halilali, linatafuta kichwa cha mtu.

— Kwa hiyo avae kofia?

— Avae sufuria. Penye miti hakuna wajenzi.

Adelfina akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Ndipo akafika tabibu mpya wa zahanati, Danstan. Akawaamkia wazee, akapokea kikombe, macho yakabaki kwenye kikapu cha vikombe. Juu ya kifuniko alichokisuka Adelfina kulikuwa na meno-meno meupe, yamepinda kama mundu.

— Mchoro huu ni wa nini?

Wazee walikuwa wameusifia miaka miwili. Hakuna aliyejua.

— Ndio ninaouona, akasema Adelfina, akitazama chini. Kabla kichwa hakijauma.

— Huo unakaa machoni muda gani?

— Kama dakika ishirini. Halafu unaondoka, kichwa kinaanza.

— Hupofuki, dada. Hiki ni kipandauso, cha wale wanaoona mianga kwanza. Mko wengi. Ila mkija mnasema "kichwa" tu, na sisi hatuulizi, tunaandika malaria. Njoo leo nikupime vizuri. Njoo na kifuniko.

Adelfina akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu masika.

Profesa akasogea kwenye kikapu. Akapitisha kidole kwenye mchoro, taratibu.

— Wangu hupindia kushoto, akasema.

— Si ulisema sola? akauliza Redio.

— Miaka thelathini nadhani kila mtu anauona.

Redio akainua kikombe chake. Kahawa ilikuwa imekwisha. Adelfina akafunika birika, akakibeba kifuniko cha kikapu kwapani.

— Twende wote, Profesa. Kimoja kinatutosha.