Pembetatu Iliyopinduka

Mheshimiwa Bwana D.O., kabla sijawataja wengine kwa mpangilio niliofundishwa, naomba niseme jambo ambalo mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu, hata mama, hata mwenzangu wa dawati. Nikianza na salamu zote nitaishiwa na nguvu, najijua. Jambo lenyewe ni hili: nakshi inayopigwa na mashine mnayoizindua leo si ya baba yangu. Ni ya kaka yangu.

Sasa naweza kusalimu.

Mheshimiwa Bwana D.O. wa tarafa yetu; Chifu wetu, Bwana Nzomo; Mchungaji Mulei uliyetuombea; Bwana Meneja wa karakana hii ya ushirika; Mwalimu Muthama na walimu wenzako; wachongaji wa Mbumbuni, nanyi mliotoka Wote na Kibwezi kuja kujionea; wazazi wetu na wanafunzi wenzangu; na wewe baba, Mzee Kisilu, uliyeketi mstari wa mbele umeshika kofia kwa mikono miwili: nawasalimu nyote. Mimi ni Nthenya, niko kidato cha tatu. Wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu. Darasani nikiulizwa swali hujibu nikitazama meza. Nimesimama hapa kwa niaba ya familia kwa sababu baba alikataa kusema, na mama akasema hana Kiswahili cha kusimama nacho mbele ya D.O. Ukurasa alioupitisha Mwalimu Muthama ninao mfukoni. Una shukrani tupu, na ni mzuri. Nisamehe, Mwalimu, nimeuacha huko huko mfukoni.

Ningekuwa mwongo kama ningesema mashine hii ni mbaya. Nimeiona ikifanya kazi. Egemeo la kiti linalazwa juu ya kile kitanda cha chuma kinachobembea, linabanwa huku na huku, kisha lile gurudumu zito ambalo mafundi wanaliita rola linashuka likiwa moto na kupita juu ya mbao, na popote egemeo linapopinda kitanda nacho kinabembea, ili rola isiumie na mbao isipasuke. Rola ikipita, mbao imebonyea pande zote na nakshi imeinuka, imara, kama iliota yenyewe. Kabla hujamaliza kukohoa kwa ule moshi, egemeo liko tayari. Baba alihitaji kutwa nzima kwa egemeo moja, na jioni alikuwa hawezi kushika kikombe.

Na hata kupinda kwenyewe! Zamani mchongaji hakupinda mbao. Alitembea akatafuta mti wa mkau uliokwisha kupinda tangu ukiwa mchanga, akaukata, akauchonga akifuata mwili wake, na ndiyo maana viti vya hapa havikufanana na havikuvunjika. Leo ubao ulionyooka unapikwa kwa mvuke asubuhi kama isyo, mahindi na maharagwe yetu, kwenye sufuria, unabanwa, na kabla ya chakula cha mchana umejikunja kama mlivyoutaka. Naomba mlishike hilo, kwa sababu kaka yangu alikwenda kutafuta mti uliopinda, na hakurudi.

Nitalieleza polepole.

Kaka yangu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka sita. Aliacha shule darasa la saba akakaa na baba chini ya kile kibanda chetu cha mabati, na watu wakasema ana mkono kuliko baba, na baba akasema watu waache kumharibu kijana. Jioni moja alikuwa anachonga nakshi kwenye egemeo la kiti, mstari wa pembetatu ndogo ndogo, zote ncha juu. Mbao ile aliibana katikati ya magoti. Mchongaji akifika kwenye mpindo huigeuza mbao ili apate mwanga, na akiigeuza lazima aigeuze nakshi pia kichwani mwake, la sivyo itatoka kichwa chini. Wachongaji mlio hapa mnaijua hatari hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nikisoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti, kwa maana ni yeye peke yake aliyenisikia nikisoma bila kunitazama. Akageuka, na mbao ikageuka naye, ili anisikie vizuri. Akachonga pembetatu moja akiwa ameniegemezea sikio.

Baba alipokuja kukagua alipitisha kidole gumba mpaka kikakwama.

"Hii moja imesimama kwa kichwa," akasema. "Imelewa?"

"Hiyo haijalewa, baba. Hiyo ni mimi. Nilikuwa namsikiliza Nthenya akisoma Kizungu."

"Kumbe Kizungu kinapindua watu."

"Kinapindua kabisa. Wewe hujaona D.O. anavyovaa soksi kwenye jua hili?"

Bwana D.O., uniwie radhi, hakuwa anakusema wewe, ni yule aliyekutangulia. Mama alicheka huko jikoni mpaka tukasikia kifuniko kikianguka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka cha watu wanne katika boma letu.

Kwa kuwa baba akasema: "Egemeo hili haliendi sokoni. Litabaki hapa nyumbani lituchekeshe. Kesho ukatafute mkau mwingine uliopinda hivi hivi."

Kesho yake akaenda.

Ilikuwa mwishoni mwa ile njaa ya themanini na nne. Mchungaji, unakumbuka tulivyoomba mvua. Tuliomba tukiwa tumepiga magoti kwenye vumbi, na watoto wadogo wakaambiwa waombe kwa sauti kwa kuwa Mungu huwasikia wao kwanza. Mvua ikasikia. Ilianzia huko milimani, kwetu kulikuwa bado jua kali, na mtu aliyekuwa anavuka mto wa mchanga akiwa na gogo begani hakuwa na sababu ya kutazama juu. Mto wetu mnaujua. Unakaa mkavu mpaka ng'ombe wanalala ndani yake, halafu unakuja wote mara moja. Gogo lilipatikana kabla yake. Lilikuwa limepinda vizuri sana.

Tangu siku ya mazishi jina lake halijatajwa katika nyumba yetu. Hatukukubaliana. Ilitokea hivyo tu, kila mmoja akimwogopea mwenzake. Baba alimalizia viti vya watu, akaweka tezo na patasi kwenye gunia, na akaja hapa karakana kuwa mpiga msasa. Mlisema amezeeka. Lile egemeo lilibaki limening'inia ukutani juu ya kitanda cha baba, na mama akipanguza vumbi alilipanguza la mwisho.

Basi wale wataalamu wa mashine walipokuja kutafuta nakshi ya kikwetu ya kuweka kwenye rola, waliletwa nyumbani. Waliona egemeo. Wakasema, "Mzee, hii ndiyo tunataka. Mkono wako ni safi sana." Baba akafungua mdomo. Nilikuwa mlangoni nimebeba maji, nilimwona akiufungua. Halafu akaufunga, akalitoa ukutani, akawapa. Mliposikia hakujisifu mkasema ni mnyenyekevu, na nimesikia wengi wakiusifu unyenyekevu huo leo asubuhi kwenye kipaza sauti. Haukuwa unyenyekevu. Ili kuwasahihisha angelazimika kulitaja lile jina, na hakuweza.

Tulidhani litarudi. Lakini nakshi iliyo kwenye mpindo haiwezi kunakiliwa ikiwa imepinda, lazima ilazwe. Kwa hiyo walipasua egemeo vipande vyembamba wakavipanga mezani, wakachora. Mama alipotuma mtu kuuliza, aliambiwa vipande vilichemshia chai. Simlaumu mtu. Nani angewaambia kwamba walikuwa wanakunywa chai ya aina gani, ikiwa sisi wenyewe tulinyamaza?

Ila walinakili kila kitu. Hata pembetatu iliyopinduka. Rola ilipoanza kazi ya majaribio, kila ilipozunguka, mahali pale pale, kaka yangu aligeuka kunisikiliza.

Mlimwona baba, wakati wote wa majaribio, akiacha msasa wake na kuja kusimama kando ya mashine. Kila egemeo lililotoka alilipokea likiwa bado moto, akalipitishia kidole gumba mpaka kikakwama, kisha akalipitisha kwa wengine. Fundi Mwangangi alikuwa akimtania.

"Mzee Kisilu, hii mashine uliioa lini na hatukualikwa?"

"Wewe kanyaga mafuta," baba anamjibu.

"Usiku unalala wapi? Mama Nthenya anajua?"

Na watu wanacheka, na baba naye anacheka kidogo. Bwana Meneja, uliniambia kwa furaha, "Baba yako anaipenda mashine kuliko sisi." Nilikuitikia. Ningekwambiaje kwamba baba hakuipenda? Anaichukia. Anaona mpindo uliomgharimu mwana ukipikwa kwa mvuke kabla ya saa sita. Lakini ndani ya kitu anachokichukia mlikuwa mmetia kitu pekee kilichobaki cha mkono wa mtoto wake, na ilibidi aje.

Kisha akaja mteja wa viti vya hoteli kutoka Mombasa. Akapitisha kidole, kikakwama. "Mbona hii moja inatazama chini?" Meneja akatazama, mafundi wakatazama, wakaona haya. Haya ya watu wanaopenda kazi yao. Wakamhakikishia kwamba ni kasoro ya rola, na itaondolewa. Rola mpya imefika wiki hii. Ile ya zamani imetupwa nyuma ya jenereta, kwenye rundo la vyuma chakavu vinavyosubiri lori.

Jana alasiri nilikuwa nyumbani naandika haya. Mimi ni mtu wa kuficha. Chochote cha moyoni ninachokiandika, nikisikia hatua mlangoni, karatasi inaingia chini ya atlasi na mimi natoa macho kwenye ramani ya Afrika kama mtu anayesafiri. Jana nikasikia hatua. Hatua za baba nazijua, mguu wa kulia unaburuta. Mkono wangu ukaishika atlasi. Nikafikiri: tumeficha mpaka wamekunywa chai juu yake. Nikaiacha atlasi. Karatasi ikabaki mezani, uso juu.

"Ni nini hiyo?"

"Ni hotuba, baba."

"Ile ya mwalimu?"

"Hapana. Yangu. Ina mambo yake."

Hakuuliza mambo ya nani. Alikaa kizingitini, akanipa mgongo, akatazama nje.

"Soma."

Nikamsomea, nikiigeuza kwa Kikamba nikienda. Nilipofika kwenye mto akasema, "Ruka hapo." Nikaruka. Nilipomaliza, kuku walikuwa wameingia ndani na hakuna aliyewafukuza.

"Hujaandika jina lake," akasema.

"Kwetu halisemwi, baba."

"Nani alikataza?"

Nikainuka kuwafukuza kuku.

"Mimi ndiye niliyemtuma kwa ajili ya pembetatu moja," akasema. "Ningeiuza vile vile ilivyokuwa. Nani angeona?" Kisha akasimama, akajipangusa. "Liandike. Na uwaambie."

Leo asubuhi, kabla hamjafika, niliingia humu kukitazama kiti mtakachomkabidhi baba, kile kilichofunikwa kitambaa chekundu pale mbele. Ni kiti kizuri. Nilipitisha kidole kwenye egemeo kutoka mwanzo hadi mwisho, nikarudia. Hakikukwama popote. Pembetatu zote zimesimama wima, kama sisi kwenye gwaride la shuleni. Hakuna mtu aliyegeuka kumsikiliza mwingine.

Waheshimiwa, najua mashine haitasimama kwa sababu ya mtoto wa shule. Nikikaa chini, jenereta litawashwa, mtapiga makofi, na viti vitakwenda Mombasa vikiwa havina kosa. Wala siombi visimame. Watu wanakula kwa hiyo kazi, na sisi tumo. Mungu alitupa mvua tuliyoiomba, mmetupa maendeleo tuliyoyaomba, na sijui tena ni kitu gani cha kuomba ambacho hakitakuja na kitu kingine begani.

Lakini kimoja nimetumwa. Baba anashukuru kwa kiti, na anaomba asikikalie. Mpeni Chifu, au mkiweke ofisini. Yeye mpeni ile rola mbovu iliyo nyuma ya jenereta kabla lori halijaja. Ni nzito, tumekuja na punda. Haitafanya kazi yoyote kwetu. Itakaa ukutani, chini ya ule msumari uliobaki mtupu, na jioni mtu akitaka atapitisha kidole mpaka kikwame.

Nimeiandika hotuba hii yote nikisema "kaka yangu, kaka yangu". Baba, nitazame. Nalisema.

Aliitwa Mutie. Mutie Kisilu, mchongaji.

Asanteni kwa kusikiliza mpaka nikalitaja.