Sahani ya Mama Veridiana

Tulikuwa ndani ya treni kutoka Tabora. Mbele yangu bibi mmoja wa Ulyankulu, Veridiana, alimweleza abiria aliyekaa kando yake, fundi wa maabara aitwaye Twalibu, kwamba ana saratani ya titi, na tangu isikike nyumbani mkwewe amemtengea sahani na kikombe.

"Haiambukizi, mama," alisema Twalibu. "Mwili ni chembe hai. Kila moja, kabla ya kugawanyika, hunakili maandishi yake yote ya urithi. Ikikosea hujisahihisha, au hufa. Chembe yako moja ilikosea, ikakataa kufa, ikaendelea kuzaana."

"Kwa hiyo hakuna aliyenitupia?"

"Hakuna."

"Bora angekuwepo. Ningepata wa kugombana naye."

Mimi niliishia darasa la tano, lakini hilo nililielewa.

"Mwambie mkweo ulivyosikia," alisema Twalibu.

"Mimi atanisikiliza? Shuka nawe, mwanangu, ukamwambie."

"Naenda Mpanda, mama."

"Kumbe elimu yako haishuki Kaliua."

Treni ikasimama Kaliua. Twalibu alimteremshia mzigo, akamwambia pole, akarudi kukaa. Mimi hata kunyanyuka sikunyanyuka.